Mtoto wa Jicho

Gazeti lilituchorea ramani ya wekundu:
wiki ya pili ya Novemba, likasema,
Korongo la Akisawa litawaka ukingo hadi ukingo.
Basi tukapanda treni ya saa kumi na mbili asubuhi,
mimi na Tokuji, na madonge ya wali yaliyofungwa mwani,
na chupa ya chai, na soksi za akiba,
maana mume wangu hakubali kulowa miguu mara mbili.

Treni ikayaacha mashamba ya mpunga uliokwisha kuvunwa,
ikaingia handakini, ikatoka, ikaingia tena,
na kila ilipotoka nilibandika paji la uso dirishani
nikiutafuta moto.

Kijani.
Chanikiwiti tupu, mlima kwa mlima,
kana kwamba joto la Agosti limesahau kuaga.

Kituoni wageni walisimama, kamera shingoni,
kama watu waliofika harusini
wakaambiwa bibi harusi bado anaoga.
Yasue muuza chai, ninayemjua tangu hana mvi,
akatumiminia vikombe viwili bila kuulizwa.
"Miti haisomi tena kalenda," akasema.
"Njooni wiki ijayo."

Wiki ijayo!
Jumanne ijayo Tokuji anapasuliwa jicho la kulia,
la kushoto baada ya Mwaka Mpya.
Chinami amepanga yote kwa simu kutoka Nagoya,
daktari, kitanda, teksi, hata mto wa kulalia.
Mtoto tuliyemzaa ndiye anayemfukuza
huyu mwingine, aliyejizaa mwenyewe,
mtoto wa jicho,
tuliyemlea miaka sita
asilie hata usiku mmoja.

Tulivuka daraja la nyaya polepole.
Chini mto ulikuwa ukinoa mawe yake
bila kuuliza huu ni mwezi gani.
Nilikuwa na maneno ya kumfariji, nimeyapanga tangu kituoni.
Tokuji akasimama katikati,
akashika waya kwa mikono miwili,
mikono iliyovuta ishara za reli miaka thelathini na minane,
akanyamaza mpaka nikahofia ni moyo.

"Masuyo," akasema, "mwaka huu yamezidi."
"Yamezidi nini?"
"Manjano. Tazama ng'ambo ile yote.
Kama mtu kaimwagia dunia chai."

Nikatazama ng'ambo.
Kisha nikamtazama yeye, machozi ya upepo yakimtoka
katika macho yenye ukungu rangi ya asali kuukuu,
nikaelewa.
Miaka mingapi amekula wali wa manjano,
amenawa maji ya manjano, asiseme?
Na nywele zangu zilipogeuka nyeupe
akaziita shaba,
nami nikadhani ananibembeleza.

Huyu ni mtu wa ishara.
Kwake kijani ni pita, nyekundu ni simama,
na anayemdanganya mtu wa ishara anaua abiria.
Sijawahi kumdanganya rangi.
"Ndiyo," nikasema. "Yamezidi."

Tulikula pale pale, migongo kwenye mwamba,
wageni wakipita wakinung'unika,
naye akiwahurumia:
"Vijana hawa! Wanatazama simu,
na mbele yao mlima umeiva."

Kabla ya kuondoka akachuma jani moja la momiji,
vidole vitano, dogo kama kiganja cha kichanga,
akalipuliza vumbi.
"La Chinami," akasema. "Lihifadhi vizuri,
rangi isichujuke."
Nikalilaza ndani ya gazeti, juu ya ile ramani.
Kijani kibichi. Likanuka mvua.

Kwenye treni alilala, mdomo wazi.
Soksi za akiba zilibaki kavu mkobani.

Jumatano asubuhi watamfungua bendeji.
Ataliomba jani; labda litakuwa limegeuka,
majani huwa na huruma zao.
Halafu atainua uso
anione mimi.